Yule wa Thika na Grafu Zangu

Kabla kompyuta haijaingia katika ndoa yangu, grafu zote za mume wangu nilizichora mimi. Yeye alikuwa msaidizi wa utafiti katika shamba kubwa la kahawa nje ya Ruiru, na wakati huohuo akisomea shahada ya pili. Mimi nilifundisha hesabu katika shule ya msingi na nilikuwa na mkono usiotetemeka. Tukishakula, nilipangusa meza mpaka lisibaki hata tone la mchuzi, nikatandaza karatasi ya grafu, nikachonga penseli. Yeye alisoma namba za mavuno kutoka kwenye karatasi za shambani, na mimi nikaweka nukta. "Shamba la juu, mstari wa tatu, arobaini," alisema, na nukta ikakaa mahali pake. Akisoma haraka nilimwambia apunguze mbio, huu si mnada. Tulicheka sana mezani pale, chini ya picha yetu ya arusi tuliyopigwa karibu na maporomoko ya Chania, na nilijiona mwanamke mwenye bahati.

"Kitabu changu kikitoka," aliniambia, maana tasnifu yake aliiita kitabu, "michoro yote itakuwa yako. Na nitaandika hivyo pale mbele, kila mtu asome."

Mtu akishaniahidi kitu mimi sisahau. Ukurasa ule wa shukrani niliuweka moyoni kabla haujaandikwa, na nilipokuwa nikifuta nukta iliyoteleza, nilikuwa nikiufikiria.

Kisha mwalimu wake wa chuo kikuu akaitazama michoro, akasema ni safi lakini imepitwa na wakati. Siku hizi namba huingizwa katika programu ya takwimu, programu ndiyo hupiga hesabu na ndiyo huchora. Akamwelekeza kwa mwanamke mmoja wa Thika, mtaa wa Makongeni, aliyekuwa amesomea takwimu na ana kompyuta yake nyumbani. Basi akaenda Jumamosi moja, akaenda na ya pili, na mvua za masika zilipoanza Jumamosi zote zilikuwa mali ya Thika. Penseli yangu ikabaki kwenye glasi, watoto wakawa wanaichukua kuchorea ng'ombe.

Sikutaka kujua jina lake. Nilimwita yule wa Thika. "Msalimie yule wa Thika," nilimwambia mume wangu akifunga kamba za viatu. "Sawa, nitamsalimia," alijibu, kana kwamba nimemtuma sabuni.

Aliporudi nilimuuliza maswali nikiwa nimempa mgongo, ili asinione uso.

"Leo mlifanya nini siku nzima?"

"Tulisafisha data."

"Kusafisha?" Nilikuwa naosha sufuria za mchana. "Wewe? Hapa ndani hujawahi suuza hata kikombe, na huko Thika unasafisha?"

"Si hivyo, mama watoto. Data ikiwa chafu kompyuta inachora upuzi. Unatafuta namba zenye hazieleweki, unazitoa."

"Na hapa kwetu hakuna kitu chenye hakieleweki?"

Akajitia hamnazo, akaomba chai.

Jumamosi nyingine alirudi ananukia pilau. Nilikuwa nimepika vizuri, tena nyama ilikuwamo, lakini aliichokonoachokonoa sahani, akasema asante, ameshiba kidogo. Mwanamume aliyekula kwa watu hutambulika kwa adabu zake mezani. Nilikifunika chakula chake kwa sahani nyingine na nikaibamiza ile sahani kwa nguvu.

Jirani yangu pale Membley, mwanamke mwema ambaye mdomo wake haukuwa na pazia, alinikuta siku moja nikianua nguo, akaanza kunisaidia.

"Haiya, hiyo ni grafu gani inachorwa asubuhi mpaka jioni? Iko na macho?"

"Ni kompyuta. Lazima waingize namba moja moja."

"Sawa, ngoja tu. Dalili ya mvua ni mawingu. Na anamlipa huyo mama?"

"Anasema hataki pesa."

Jirani yangu aliacha shati la mume wangu likining'inia mkononi mwake, akanitazama kwa huruma. Afadhali angenitukana.

Niseme wazi nilichokuwa nacho: wivu, tena si ule wa kuchekacheka. Nilimwonea wivu mikono yake kabla sijaiona. Nililala nikiwaza kucha zake. Lakini kilichoniuma kuliko pilau ni kwamba zile namba sasa alikuwa akimsomea mtu mwingine. Shamba la juu, mstari wa tatu, arobaini, kwa sauti ileile niliyodhani ni ya meza yangu tu.

Halafu ikaja ile karatasi. Alirudi nayo Jumamosi moja ikiwa bado imeungana, ndefu, yenye matundu pembeni, akaitandaza juu ya meza ileile. Kompyuta ya wakati ule haikuchora nukta nzuri, iliweka vinyota. Vinyota vya shamba la juu vilikuwa juu. Vinyota vya shamba la chini vilikuwa vimelala sakafuni mwa grafu kama wagonjwa.

Hapo sharti nieleze kidogo, maana kitabu kizima cha mume wangu kilisimama juu ya jambo hilo. Shamba la chini, kando ya mto, miti yake ya kahawa ilikuwa imefunikwa nyasi kavu chini ya shina ili udongo usikauke. Shamba la juu halikufunikwa. Yeye alitaka kuonyesha kwamba nyasi huongeza mavuno, na grafu zangu, msimu baada ya msimu, zilikuwa zimeonyesha hivyo. Sasa kompyuta ilikuwa inasema nyasi zimeleta njaa.

"Sielewi," akasema. "Inaonekana nyasi haisaidii. Tena inaharibu."

"Na grafu zangu?"

Akakuna kichwa. "Labda mahali fulani ulikuwa unakosea, mama watoto. Mkono ni mkono. Kompyuta haina mapenzi na mtu."

Nilikwenda jikoni nikasimama mbele ya sinki bila kufungua mfereji. Kunikosea kwa pilau ningeweza kusamehe. Lakini kuniambia kwamba miaka yote ile nilikuwa nikitia nukta ovyoovyo, na kuniambia hivyo kwa ushahidi wa karatasi iliyotoka nyumbani kwa mwanamke mwingine! Wiki ile nilinuna mpaka watoto wakaanza kuongea kwa kunong'ona. Yeye naye alianza kuandika sura upya, akigeuza maneno yake mwenyewe, kwamba nyasi hazina faida. Mwalimu wake alikuwa akiingoja sura hiyo.

Asiyekuwepo na lake halipo. Jumamosi iliyofuata niliwaacha watoto kwa jirani, nikavaa gauni langu la kuendea arusi na viatu vinavyobana, nikamwambia mume wangu twende wote.

"Utachoka kukaa," akasema.

"Nitakaa hivyo hivyo nimechoka."

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka, na ukutani kulikuwa na kibao kisemacho anachapa kadi za arusi na programu za mazishi. Alifungua mlango akiwa na leso mabegani na mtandio kichwani, mrefu, miwani imemkaa vizuri, na alikuwa mzuri. Nalisema hilo kwa shingo upande.

"Karibu dada, karibu ndani. Hatimaye! Mimi nimekungoja miezi."

"Asante," nilisema, ile asante ya kukata.

Kompyuta ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni. Mbele yake kulikuwa na kiti chake, na kando ya kiti kigoda. Mume wangu alikwenda moja kwa moja akaketi kwenye kigoda bila kuonyeshwa. Kigoda kilikuwa na mto wake. Mtu hawekewi mto kwa Jumamosi moja. Mimi nilipewa kochi, mbali, pamoja na chai ya tangawizi iliyokuwa tamu kuliko yangu, na kutoka chumba cha ndani nikasikia mtu mzima akikohoa.

"Ni mama," akaniambia. "Hainuki kitandani siku hizi."

Akakifunua kitambaa, akawasha. Programu yenyewe haikuwa na picha wala vitufe. Ilikuwa ya kuandikiwa amri mstari kwa mstari, naye aliziandika bila kutazama chini. Vidole vilikwenda mbio. Mume wangu alivitazama. Aliinama mbele kabisa akavitazama, na mimi nikakiweka kikombe chini, chai haijafika nusu.

"Nimehakiki kila kitu," yule wa Thika alisema, akinigeukia. "Nimetafuta namba zilizokosekana, nimetafuta zilizorudiwa, nimechora mstari mmoja mmoja. Shamba la chini linagoma. Ningekuwa nimekubali, lakini hii hapa hainiachi nilale."

Akaonyesha ukuta wa juu ya kompyuta. Grafu yangu. Ilikuwa imebandikwa pale kwa gundi ya karatasi, ile niliyoichora msimu wa kwanza, na mwandiko wangu pembeni.

"Kila Jumamosi mumeo hunisomea hiyo. Ati ya mama watoto inapanda, yako kwa nini inashuka? Ya mama watoto ni safi, yako mbona vinyota? Dada, nimeichukia karatasi hii, Mungu anisamehe. Nukta zimekaa utadhani zilipandwa."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa akisoma kalenda ya ukutani, kwa makini, kama mtu ambaye hajawahi kuiona Juni. Kumbe kwangu alisifu kompyuta, na kwake alisifu mkono wangu, na sisi wawili kila mmoja akalala akimchukia mwenzake.

"Nisogee?" nikauliza.

"Sogea, dada, sogea."

Aliziita namba kwenye skrini, safu kwa safu. Shamba la juu: arobaini, thelathini na nane, arobaini na mbili. Shamba la chini: nne, nne, tatu, tano. Nilikiona kilichotokea kabla hajamaliza kushuka.

Nikanyamaza.

Nakumbuka utamu wa kunyamaza kule. Nilimwona anasukuma miwani, anapiga hesabu ileile tena, mume wangu naye ameanza kupumua kwa kukata tamaa. Ningeweza kumaliza chai yangu, nikasema pole, nikaondoka na mume wangu, na pengine asingerudi tena kwa mtu aliyeshindwa. Lakini pale ukutani grafu yangu ilikuwa inanitazama, na katika begi la mume wangu kulikuwa na sura inayosema kwamba ni ya uongo. Nikinyamaza, nilikuwa nampiga yule wa Thika kwa fimbo itakayovunjikia mgongoni mwangu mwenyewe.

"Hiyo nne ni nne ya nini?" nikauliza.

"Kilo," akasema mume wangu.

"Si kilo. Ni debe."

Wote wawili wakanitazama.

Nikawaeleza. Shamba la juu lilikuwa na mizani. Kule chini gari halikufika kwa sababu ya tope, kwa hiyo nyapara alipima kahawa kwa debe na kuandika idadi ya madebe, basi. Tena debe la kule si debe la kawaida. Nyapara hakulikubali mpaka lijae na kupita, liwe na kilele. Mama yangu alichuma kahawa utoto wangu wote na nilimsikia akilia na vilele hivyo, kwa hiyo nilijua debe la namna hiyo lina uzito gani. Mume wangu aliposoma "nne", mimi nilizidisha kichwani na kuiweka nukta kwenye kilo zake. Sikuwahi kufikiri ni jambo la kusema. Ni kama kupuliza chai kabla ya kunywa.

"Lakini mimi nilikuwa nasoma nne," mume wangu akasema taratibu, "na wewe unaweka juu ya hamsini?"

"Ndiyo. Si ulikuwa hapo."

"Nilikuwa nasoma."

Hapo ndipo nilipoumia kweli. Jioni zote zile, chini ya picha ya Chania, hakuwahi kutazama nukta inakwenda wapi. Vidole vya yule wa Thika alivitazama mpaka kigoda kikainama. Penseli yangu hakuitazama hata mara moja.

Yule wa Thika nadhani aliliona hilo. Aliuliza tu, "Na hiyo hesabu ya kilele, dada, uliiandika wapi?"

"Kichwani."

Akacheka, mkono mdomoni. "Basi ndiyo maana. Kompyuta haina kichwa chako, lazima iambiwe. Na hata ikiambiwa, sharti mtu apime debe moja kwenye mizani, siyo tuseme mama alisema." Akainuka kwenye kiti chake. "Keti."

"Mimi?"

"Hesabu ni yako. Keti."

Niliketi kwenye kiti chake, na kilikuwa bado na joto lake. Akasimama nyuma yangu akinitamkia, nami nikaandika kwa kidole kimoja amri yangu ya kwanza: kama shamba ni la chini, chukua madebe uzidishe kwa uzito. Nikabonyeza. Skrini ikakataa kwa kelele.

"Umesahau nukta," akasema. "Kila amri humalizika kwa nukta."

Mimi! Mimi niliyetia nukta maisha yangu yote! Nikaitia. Akanionyesha amri ya kuchora, nikaiandika, nikaitia nukta na hiyo. Vinyota vya shamba la chini vikainuka kutoka sakafuni vikakaa juu ya vile vingine, kama nilivyokuwa nimeviweka mimi. Akaibandua karatasi yangu ukutani akaishika kando ya skrini.

"Zinafanana," mume wangu akasema.

"Isipokuwa hapa," akasema yule wa Thika, akagusa mstari wa saba. "Hapa dada alikosea. Kidogo."

Alifurahi kuliona kosa lile, hakuficha, na nilimpenda kidogo kwa kutoficha. Kidogo sana. Wiki ile mume wangu alijaza debe la kilele, akalipima mbele ya nyapara, na uzito ukawa karibu sana na ule wa kichwani mwangu. Sura iliyosema nyasi hazifai ikaenda kuwasha jiko.

Tangu siku hiyo nikawa naenda Thika kila Jumamosi. Mwanzo nilienda kulinda, nisidanganye mtu. Kile kigoda nilikikalia mimi, na mto wake, na mume wangu akapelekwa kwenye kochi. Lakini polepole nikawa nafika nikiwa na maswali: jinsi ya kutenganisha misimu, jinsi ya kuiambia programu kwamba nafasi tupu si sifuri. Wivu haukuisha. Yeye aliandika amri moja na mistari yote ikajipanga, mimi nikaandika tano na nusu zikakataliwa, na nilirudi nyumbani nimefura. Nilitaka vidole vile. Nilitaka kujua anachokijua, na nilitaka akijue kidogo kuliko mimi.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hachukui pesa.

"Wiki nzima nachapa programu za mazishi," akasema. "Marehemu alizaliwa, marehemu alisoma, marehemu ameacha. Nilirudi kumuuguza mama, na hapa Makongeni nani anataka takwimu? Kahawa yenu ndiyo kazi pekee inayonikumbusha nilisomea nini. Nikiwalipisha, mtaacha kuja." Akanyoosha kitambaa cha kompyuta. "Nilipokuona siku ile na viatu vyako, nilijua umekuja kuninyang'anya."

Nikatazama viatu vyangu. Alikuwa anasema kweli, ila sote wawili tulikuwa tumekosea kidogo: kilichokuwa kikigombewa hakikuvaa suruali.

Tasnifu ilipofika mwisho, yeye ndiye aliyeichapa, na michoro yote niliitoa mimi kwenye kompyuta yake, amri kwa amri, nukta kwa nukta. Ukabaki ukurasa wa shukrani. Mume wangu aliuandika kwa mkono katika Kiingereza chake cha ofisini, akatukabidhi, kisha akaenda dukani kununua karatasi.

Yule wa Thika aliusoma kwanza. Nilimwona uso ukibadilika, akanipa. Mwenyezi Mungu alishukuriwa. Mwalimu wa chuo alishukuriwa, wazazi wa pande zote, nyapara. Yule wa Thika alipewa mistari mitatu mizima, kwa utaalamu wake wa takwimu. Na mwisho kabisa, mke wangu mpenzi, kwa uvumilivu wake.

Niliisoma tena. Juu ya michoro hakikuandikwa kitu.

"Mistari mitatu," nikasema. Sauti haikuwa yangu.

"Sikuomba," akasema.

"Najua hukuomba."

Mama yake alikohoa kule ndani. Yule wa Thika akaondoa miwani, akaifuta kwa leso, akainuka kwenye kiti.

"Naenda kumpa mama dawa," akasema. "Huo ukurasa uchape wewe. Mimi mikono imechoka."

Mikono yake haikuwahi kuchoka tangu nimjue. Niliketi. Nilichapa kila neno kama mume wangu alivyoliandika, Mungu, mwalimu, wazazi, nyapara, mistari mitatu ya Thika yote bila kupunguza hata herufi. Kwenye mstari wa mke nilibadilisha neno moja, nikatia nukta, nikatoa karatasi.

Mume wangu alikiona kitabu kikiwa kimeshajalidiwa, chenye jalada gumu jekundu. Alikisoma mezani kwetu kuanzia mwanzo, mimi nikikata mboga ya sukuma wiki upande wa pili. Alifika kwenye ukurasa ule akapita, kisha akarudi.

"Mama watoto, hapa inasema nakushukuru kwa michoro."

"Eeh."

"Mimi nilikuwa nimeandika uvumilivu."

"Uliisha," nikamwambia.